Ngao ya Kina Akraiti

Mpendwa Baba,

Juzi nimeiona ngao yako. Ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kifusi kule Darsait, huku huku Maskati, mlango mzima wa karakana, bawaba zake bado zinaning'inia. Wanabomoa safu yote ile, tokea duka la mabomba mpaka kwa yule fundi wa viti vya gari. Niliujua mlango kabla haujageuzwa, kwa ule ufa wa chini ulioufukia kwa gundi na unga wa msaji, ukajigamba kwamba hakuna jicho litakaloona. Haya, jicho langu limeona. Nikamwomba mfanyakazi mmoja anisaidie kuugeuza. Akaitazama ile kofia ya chuma, zile nyota tatu, ule mkono ulioshika nyundo, akaniuliza kwa Kiarabu cha kubahatisha kama hiyo ni alama ya kampuni. Nikamwambia ndiyo. Nimeshazoea kusema uongo juu ya ngao hiyo.

Sikuuchukua. Gari yangu ndogo, na chumba ninachopanga Amerat, nyuma ya mlima, hakina hata pahala pa kuweka meza ya pili. Nimerudi njia yote ya mlimani nalia, na nilipofika nikafungua kasha ulilonitengenezea nikaitoa ile barua ya Uingereza. Baba, nna jambo nilitakiwa nikwambie tangu nna miaka kumi na minane. Ulipokuwa hai nilishindwa. Sasa naliandika hadharani, mbele ya kila atakayesoma, kwa sababu nikikwambia peke yetu ntakuwa nimejipa adhabu nyepesi. Na kwa kuwa watasoma na wengine, ntaeleza na yale unayoyajua wewe kuliko mimi.

Jina langu ni la mama'ako, Zuwena, na kwa hiyo hukuniita Zuwena hata siku moja. Uliniita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, nipe ile patasi nyembamba." Mama yangu mimi alikufa sijaanza skuli, tukabaki wawili katika vyumba viwili juu ya karakana, na mimi nikakua naitwa Mama na mtu mwenye mvi. Wenzangu waliona kichekesho. Mimi niliona cheo.

Habari za Bibi Zuwena hukuchoka kuzisimulia. Alikuwa binti wa Kiarabu wa Unguja, watu wake wametoka Oman zamani. Akatokea Mwingereza, mpima ardhi, akasilimu, akamuoa mbele ya kadhi na mashahidi, mahari ikatolewa, biriani ikaliwa. Jina la Kiislamu alilopewa lilidumu kadiri ndoa ilivyodumu. La Kiingereza, Arkwright, ndilo lililoandikwa katika cheti chako cha kuzaliwa, na Unguja nzima wakalitamka Akraiti. Ulipokuwa unatambaa, akaitwa kwao. Akaleta barua moja, kisha kimya mpaka leo. Uso wake hukuujua. Ulichoachiwa ni jina tu, kama mtu aliyepewa ufunguo asionyeshwe nyumba.

Miaka ya sabini jamaa zake Bibi wakahamia huku Maskati, na wewe ukaja nao na kisanduku cha zana. Kila aliyekuja alikwenda kwa sheikh wa kabila lake. Sheikh humuuliza mtu baba nani, babu nani, wazee wake walitoka kijiji gani, na wazee waliokaa pembeni wakitikisa kichwa kukubali, basi huandika barua na kutia muhuri kwamba huyu ni mtu wetu. Kwa barua ile mtu hupata uraia wake. Zamu yako ilipofika ukaulizwa baba nani, ukasema Akraiti. Ulinambia mtu mmoja alicheka, na kahawa ikaendelea kuzungushwa. Kabila ni la baba, upande wa mama hauhesabiki hapo. Ukatoka bila karatasi. Ukatafutiwa kafili, yule mzee mwenye karakana, akakudhamini ukae na ufanye kazi, na bataka yako, kadi ya ukaazi, ikawa inafanywa upya kila miaka miwili kama ya mgeni aliyeshuka jana.

Babu Seif, mjomba wako, ndugu yake Bibi Zuwena, hakulikubali hilo. Alikuwa karani kwenye ofisi za Waingereza Unguja, Kiingereza chake kimenyooka kuliko kanzu zake, na huku alikuwa na nyumba Bawshar na neno lake likisikika kwa sheikh. Kila Idd alikuja na lile lile.

"Yusuf, acha ukaidi. Sheikh yuko tayari kukuandika na sisi. Weka Yusuf bin Abdallah, yaishe."

"Bin Abdallah huandikwa mtoto aliyeokotwa, Mjomba."

"Nani atajua?"

"Mimi ntajua. Na marehemu mama'angu nimwambie nini? Kwamba hakuolewa?"

Hapo Babu Seif aligeukia kahawa yake, maana aliyekuwa akitajwa ni dada yake. Na mimi nimekaa na sahani ya halua nakuona jabali. Jamani, ujinga wa utoto! Nilidhani wanabishana juu ya jina. Kumbe kilichokuwa kikizungumzwa pale ni wapi utakufa.

Halafu ikaja ile karatasi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nakaribia kumaliza skuli. Tulikwenda Qurum kwenye maduka makubwa kununua viatu vyangu, na chini ya ngazi za umeme palikuwa na meza, bwana mmoja na kompyuta yake na mashine ya kuchapia. Ubao umeandikwa kwa Kiingereza: jina lako, asili yake, ngao yake ya ukoo. Wazungu wamepanga foleni na watoto wao. Ukaniuliza wanafanya nini, nikakueleza. Basi ukanyoosha kanzu yako, ukasimama nyuma yao, kofia kichwani na unga wa mbao kwenye nyusi, na zamu ilipofika ukasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kudai chake: "Arkwright."

Bwana yule akakutazama, akanitazama, akaandika. Ikatoka karatasi rangi ya chai, pembeni imechapwa ionekane kama imeungua. Ngao ya buluu, ukanda mweupe umekatiza katikati, nyota tatu za dhahabu. Juu yake kofia ya chuma, na juu ya kofia mkono umeshika nyundo. Chini maneno ya Kilatini. Macho yako yalikuwa yameshaanza kuliwa na sukari, herufi ndogo ulikuwa huzioni, nikakusomea mimi: jina hili ni la Lankashaya, kaskazini ya Uingereza, na maana yake ni fundi wa makasha, yale makasha ya mbao ambayo wazee wao walikuwa wakiwekea unga na nafaka.

Ukanishika mkono mpaka ukaniuma. "Soma tena, Mama."

Nikasoma tena. Fundi wa makasha. Na wewe ndiyo kazi yako hasa! Milango na madirisha ulitengeneza kwa ajili ya tumbo, lakini makasha uliyatengeneza kwa raha ya nafsi yako, yale ya misumari ya shaba wanayopewa maharusi wa huku. Kazi ile ulifunzwa na fundi mmoja wa Unguja ambaye kila siku ulikuwa ukimrehemu. Siku ile ulimsahau. "Kumbe mikono hii wameniachia wao," ukasema, ukalia pale pale chini ya ngazi, watu wanapita na mifuko yao. Viatu hatukununua.

Mwezi mzima ukaichonga ngao kwenye mlango wa karakana, kazi ya watu imelala. Kofia ya chuma ulichonga mara mbili kwa sababu ya kwanza ulisema imefanana na sufuria. Kisha ukaichonga tena juu ya kifuniko cha kasha langu, lile uliloniwekea mpaka niolewe. Majirani wakaja kutazama. Yule fundi wa viti vya gari akasema, "Yusuf sasa amekuwa mfalme, tumsalimie kwa magoti," na ukacheka naye, lakini jioni nilikusikia unamweleza mteja kwa uzito kabisa kwamba hiyo ni alama ya watu wetu.

Watu wetu. Na hapo ndipo tulipopotea, Baba, mimi na wewe. Tulikuwa tumekaa huku siku nyingi, tukafikiri kama wanavyofikiri watu wa huku: penye jina pana kabila, penye kabila pana sheikh wake. "Wana ngao, Mama," ulinambia. "Watu wenye ngao watakosa mkubwa wao? Tukimwandikia, akituandikia barua na muhuri, mjomba ataipeleka kwa sheikh. Sheikh kwa sheikh wataelewana." Mtu mwingine yeyote angecheka. Mimi, msomi wako wa Kiingereza, nikaenda kutafuta kalamu.

Wewe ulisema kwa Kiswahili, mimi nikageuza. Kwa Mheshimiwa Sheikh wa Kina Arkwright, Lankashaya, Uingereza. Maneno yako nayakumbuka yote. Mimi Yusuf ni mtoto wa mtu wenu, mpima ardhi, aliyeoa Unguja kwa sharia. Kazi yangu ni fundi wa makasha. Siombi urithi, siombi fedha, siombi kuja kwenu. Naomba mniandikie kwa mkono wenu na muhuri wenu kwamba mimi ni mtu wenu, ili nisiandikwe mtoto wa mtu asiyekuwepo. Ukataka niongeze salamu kwa watoto na wazee wote wa kabila. Nikaongeza.

Miezi ikapita. Kila Alkhamisi nilikwenda Ruwi kufungua sanduku la posta, na kila Alkhamisi ulikuwa umesimama mlangoni na msasa mkononi, unajifanya unalainisha kitu. Nikitikisa kichwa ulikuwa ukisema, "Mbali kule. Na sheikh ana mambo mengi."

Siku ilipokuja, hukukubali niifungue kwenye vumbi. Ulikwenda kuoga. Ukavaa kanzu ya Idd, ukajifukiza udi, ukakaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Mimi nimesimama mbele yako na bahasha. Ulikaa namna ile wanavyokaa watu mbele ya kadhi.

Baba, barua haikutoka kwa sheikh. Ilitoka kwa mama mmoja wa maktaba ya mji, ambaye posta ilimpelekea yeye kwa kukosa pa kuipeleka. Nikazipitishia macho sentensi za kwanza kimoyomoyo. Ya tatu ilianza kwa kusikitika. Anasikitika kwamba kina Arkwright hawana mkubwa wala hawajapata kuwa naye. Anasikitika kwamba ngao kule halipewi jina, hupewa mtu mmoja kwa idhini ya mfalme, na baada yake wanawe wa halali, na mwengine yeyote mwenye jina lile hana haki nayo. Ile karatasi ya dukani ni pambo tu. Jina lenyewe lilizuka katika vijiji vingi mbalimbali, kwa hiyo walio nalo si ndugu. Na mpima ardhi amemtafuta kwenye vitabu alivyo navyo, hakumpata.

Nikakutazama. Unywele mmoja mweupe ulikuwa umetokeza chini ya kofia, na midomo yako ilikuwa inakwenda, unasoma dua. Nikasema, "Wanakusalimu, Baba."

"Alhamdulillahi! Enhe?"

"Wanasema wamemjua. Mpima ardhi. Wanasema wewe ni mtu wao."

Ikatoka hivyo, nyepesi kabisa. Nikaendelea kubuni kama anayesoma, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Sheikh wao mzee sana. Wana furaha kusikia kwamba kazi ya makasha haijafa. Ngao ni yako na ya wanao. Nilisema na haya na haya, na kila nilipotaka kukoma uso wako ulikuwa unaniomba niendelee. Na usidhani nilifanya kwa huruma peke yake. Skuli wasichana walikuwa wakiniuliza nyie kabila gani, nami nilikuwa nimeshaanza kuwajibu kuhusu ngao. Nilikuwa naitaka, Baba. Nilidanganya na kwa ajili yangu.

"Muhuri upo?" ukauliza.

Juu ya karatasi palikuwa na nembo ya mji wao, imechapwa kwa kuinuka. Nikakupa. Ukaipapasa kwa kidole gumba, ukaenda na kurudi, ukasema, "Upo."

Ijumaa ile ile ukanichukua Bawshar kwa Babu Seif. Njia nzima nilikuwa naomba gari iharibike. Sikuwa nimefikiri kwamba utampa aisome, na yeye Kiingereza ndicho kilichomlisha. Akavaa miwani. Akasoma polepole, ukurasa wa mbele na wa nyuma. Kisha akanitazama mimi, si wewe, akaikunja ilivyokuwa imekunjwa.

"Mashallah, Yusuf," akasema. "Basi una watu wako."

"Nna watu wangu, Mjomba. Ahsante kwa yote, lakini lile la bin Abdallah tusilizungumze tena. Nitakieni radhi."

Na Babu Seif, mtu wa maneno mengi, akakutakia radhi.

Nilipopeleka vikombe jikoni akanifuata. "Ulimsomea nini baba'ako?"

Nikamwambia. Sikuweza kumtazama.

"Sikiliza, Zuwena. Sheikh amezeeka, anaandika watu wa mwisho kabla ya Ramadhani. Baada ya hapo sijui. Na mimi moyo wangu mbovu, daktari ameshanambia. Mwambie ukweli, kisha mlete, hata kwa kumburura."

"Kwa nini usimwambie wewe, Babu?"

"Nimemwambia miaka ishirini. Leo nikimwambia barua yake haina kitu, atadhani nna hila. Wewe ndiye macho yake."

Tulikuwa na miezi miwili na kidogo. Siku ya kwanza nilishuka na chai nikakukuta unaichonga ile ngao kwenye kikasha cha mbao, cha kuwekea barua. Nikapanda juu. Siku ya pili nilianza kabisa, nikasema, "Baba, ile barua," nawe ukanikata: "Nimeota imesomwa mbele ya Bibi Zuwena, amecheka mpaka meno ya nyuma." Nikasema tu kwamba ihifadhiwe isiliwe na mchwa. Siku ya tatu haikuwepo. Nilijiambia kesho, nikajiambia baada ya mtihani, nikajiambia ndani ya Ramadhani mtu huwa na moyo laini. Woga ni woga tu, haufai kupewa jina jengine.

Babu Seif akafa wiki ya pili baada ya Idd. Sheikh naye hakumaliza mwaka. Aliyerithi kiti hakutujua, wala hakuwa na sababu ya kutujua.

Miaka minne mitano ikapita vizuri, na hiyo ndiyo inayonitesa, maana nilianza kuamini kwamba hakuna kilichoharibika. Nilipata kazi ya mapokezi kliniki Ruwi, na kafili wangu mwenyewe. Kisha mzee mwenye karakana akafariki. Wanawe walikuwa watu wazuri, sitawasengenya, lakini walikuwa na mipango yao na kiwanja kile, na bataka yako ilikuwa inakwisha. Nilizunguka na mafaili mpaka viatu vikaisha visigino. Nani atamdhamini fundi aliyevuka sitini anayepima mbao kwa kupapasa? Kila ofisi walikuwa na adabu. Kila ofisi waliniuliza, huyu Mzee, ndugu zake wote raia, ilikuwaje yeye akabaki?

"Tuwaonyeshe barua ya Uingereza," ulisema siku moja, umeshaishika.

"Haitasaidia, Baba."

"Ina muhuri."

"Haitasaidia."

Ukaniamini, kama kawaida yako. Ukairudisha kikashani.

Bataka ikaisha, ukaambiwa urudi Unguja. Kwenye uwanja wa ndege wa Seeb ulikuwa na kanzu ile ile ya Idd na kisanduku cha zana ambacho hawakukuruhusu uingie nacho mkononi. Mtu aliyekaa nchi moja karibu miaka thelathini, akamzika mke huku, akawatengenezea maharusi wa huku makasha yao, anaulizwa na watu wa forodha kama ana chochote cha kutangaza. Ulinambia kasha langu umeniachia na barua imo ndani. "Weka wewe, Mama. Siku moja utawasomea wanao kama ulivyonisomea mimi."

Nilisema ndiyo. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, uso kwa uso, na nikasema ndiyo.

Unguja ulipanga chumba Ng'ambo kwa mama mmoja mwenye moyo. Kila Ijumaa nilikupigia kwake. Hukulalamika hata mara moja, na laiti ungelalamika. Ulisema watoto wa mtaa wanakuita Mwarabu, ukacheka, kwa sababu huku Waarabu walikuita Mwingereza na mafundi wenzio wakikuita Mzanzibari. Ulisema kidole cha mguu kina kidonda kidogo. Wiki ya pili ulisema kimekuwa kikubwa. Ya nne aliyepokea simu ni mwenye nyumba. Mazishi yalikuwa yameshafanyika, watu wa mtaa walikuosha, wakakusalia, Mungu awalipe. Nilimuuliza kama kaburi limewekwa alama.

"Tumeweka kibao," akasema. "Hatukulijua jina la babake, bibie, na lile la kwenye pasi limetushinda kulisoma. Tukaandika Yusuf bin Abdallah."

Nilikaa chini sakafuni pale kliniki, wagonjwa wamesimama dirishani. Jina ulilolikataa kwa mjomba wako, ukalikataa kwa sheikh, ukaikosa nchi kwa ajili yake, wamekuandikia bure, kwa wema. Na lau ungelikubali ukiwa hai, Baba, ungekuwa umelala hapa, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Nimekukosesha yote mawili. Nilikunyima ukweli ambao ungekuokoa, na uongo niliokupa hata kaburini hukufika nao.

Hii ndiyo barua niliyotaka kukuandikia. Lakini kuna jambo moja zaidi, na hili hata Babu Seif hakuniuliza kwa nini nililiruka.

Jana nimeisoma ile barua kwa sauti, peke yangu, nimekaa chini mbele ya kasha. Nilikuwa sijaisoma yote tangu siku ile, nilikuwa namwogopa yule mama wa maktaba. Ukurasa wa nyuma, chini ya yale masikitiko yake, ameongeza maneno kwa kalamu ya mkono. Siku ile niliyaona, lakini nilikuwa nimeshashughulika na sheikh wangu wa kubuni, ana ndevu na furaha, nikayapita. Nakusomea sasa, kwa Kiswahili chetu, bila kuongeza wala kupunguza:

"Bwana Yusuf, jina hili halikuwahi kutolewa na mkubwa yeyote. Majirani ndio waliolitoa. Walimwona mtu anatengeneza makasha, wakamwita hivyo. Hapa kwetu wako wengi wenye jina hili, na sidhani kama yuko hata mmoja anayejua kutengeneza kasha. Ikiwa wewe unajua, basi jina ni lako kuliko lao, na huhitaji barua yangu."

Ilikuwepo, Baba. Ilikuwa mkononi mwangu, umekaa mbele yangu na kanzu ya Idd, na ilikuwa kweli. Ungelia, ungekasirika juu ya ngao, ungekaa siku tatu huchukui randa. Kisha ungenyanyuka, kwa sababu mtu aliyekwisha kuwa na jina lake mwenyewe anaweza kumwachia mjomba aandike chochote kwenye karatasi za serikali. Au pengine usingekubali hata hivyo. Wewe na kichwa chako. Lakini ungekataa ukijua.

Nimempigia yule mama wa Ng'ambo abadilishe kibao. Amenambia kimeliwa na mchwa zamani, makaburi yamesogeleana, na mwanawe aliyekuwepo siku ile hana uhakika tena ni lipi. Akanipa pole. Basi sina mbao ya kuandika, nakuandikia hapa: Yusuf Akraiti, mwana wa Zuwena aliyeolewa kwa sharia, fundi wa makasha.

Mola akulaze unapostahiki. Radhi siombi leo, maana najua ungenipa kabla sijamaliza kusema, na sijastahili kupewa kwa haraka.

Mimi mwanao uliyemwita Mama,
aliyekuwa macho yako.